Hedvika na Mhadhara wa Manyoya

Siku hizi haupiti mwezi bila mtu wa redio kugonga mlango wangu. Wanatoka Prague, wanatoka Vienna, mwaka juzi alikuja mmoja kutoka Japani, mpole kupita kiasi, nilipomwomba avue viatu mlangoni akavua na soksi. Swali lao ni moja: Hedvika Šuranská alijifunza wapi kuimba vile? Nami huwajibu kadiri ya walichokuja nacho. Aliyeleta kahawa nzuri namwambia kwamba Hedvika alifundishwa na upepo wa milimani. Aliyekuja mikono mitupu namwambia nilimfundisha mimi. Wote huandika bila kuinua macho.

Ukweli ni kwamba hakufundishwa na mtu. Alizaliwa hapa Olšanka, nyumba ya tatu kutoka kwetu, baba yake fundi wa mapipa, na tangu utotoni alikuwa akiingiza kichwa ndani ya pipa tupu na kuimba humo mpaka mama yake aje amvute kwa miguu. Alipokua alirithi gita la mjomba wake, lina ufa tumboni. Wenzake hulikumbatia gita kama mchumba. Yeye alililaza magotini kama mtoto anayebadilishwa nepi, akalikwaruza kwa upinde wa fidla, akaligonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, akavuta uzi mmoja mpaka ukalia kama bawaba ya mlango wa zizi. Juu ya hayo akatia sauti yake, na sauti hiyo ilikuwa na jambo lake. Ilianza moja, kisha ikapasuka zikawa mbili, ya chini inatembea na ya juu imesimama, nawe ukageuka kumtafuta mwenzake. Hakuwa na mwenzake. Nimekaa karibu yake miaka mingi, nikachungulia mpaka kooni, na bado sijui alikuwa akimficha wapi yule wa pili.

Wakati ninaousimulia alikuwa na miaka ishirini na sita, anafua mashuka katika hospitali ya wilaya. Mimi nilikuwa natunza makoti katika Nyumba ya Utamaduni hapa Olšanka. Unanipa koti, nakupa namba. Nilikuwa pia nafagia, napiga deki, na majira ya baridi nachochea tanuri. Elimu yangu ni ya msingi, na hata hiyo mwaka wa mwisho ilikatwa na vita, lakini kuhesabu ndoana za makoti hakuhitaji chuo kikuu.

Siku ya kwanza nilipomsikia nilidhani bomba limepasuka. Nilikimbilia chumba cha makoti na ndoo mkononi, nikamkuta ameketi chini katikati ya makoti ya kwaya ya wanaume, amefumba macho, anatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwa kiumbe aliyebatizwa. Nilisimama nimgombeze. Nilisimama kidogo zaidi. Mwishowe nikaigeuza ndoo nikaikalia. Alipomaliza nikamwuliza kwa nini haimbi ukumbini, kule kuna kuta nzuri, sauti inarudi.

"Kuta zinamsifu kila mtu, shangazi," akasema. "Makoti hayana unafiki."

Toka siku hiyo alikuwa akija kila Jumatano, na mimi na makoti ndio tuliokuwa wasikilizaji wake. Ninyi mnaolipa tiketi leo mjue kwamba mmechelewa.

Sasa, miaka hiyo mtu hakuruhusiwa kuimba mbele ya wenzake hivihivi tu kwa kuwa ana koo. Ilibidi awe na kibali, na kibali kilitolewa na tume. Tume ilikaa mjini, watu watano na chupa moja ya maji ya soda. Hedvika alikwenda kufanya mtihani wao akiwa amevaa sketi ya dada yake. Akalilaza gita, akatoa upinde. Mwenyekiti akamwuliza gita lina ugonjwa gani. Akasema halina ugonjwa. Akaimba. Alipomaliza, mwenyekiti akasubiri, kisha akamwambia haya, aanze sasa. Hedvika akasema ameshamaliza. Wakamtaka atoe maneno ya wimbo yaliyopigwa taipu, nakala tatu, kama sheria inavyosema. Akawaambia wimbo hauna maneno. Basi wakamwuliza, kwa adabu kabisa, wao watajuaje kwamba hakuna neno baya ndani yake?

Akarudi bila kibali.

Ulibaki mlango mmoja. Sheria ilisema muziki wa kusindikiza mhadhara hauhitaji kibali, maana mhadhara unaelimisha wananchi, na mwananchi anayeelimishwa huchoka, hufaa kupumzishwa kwa nyimbo. Kwa hiyo katika kijiji cha jirani mwalimu mmoja mstaafu akatangaza mhadhara juu ya nyuki. Alizungumza dakika kumi. Hedvika akamsindikiza saa moja na nusu. Watu walijaa mpaka madirishani, na kila alipomaliza kipande walipiga makofi kama wanaotimua kunguru shambani. Lakini kila kijiji kina mtu wake wa kuhesabu. Wiki mbili baadaye barua ikaja kutoka wilayani.

Jumatano ile alikuja hajavua hata kofia. Akaliweka gita juu ya meza yangu ya kupokelea makoti.

"Nipe namba, shangazi."

Nikamwuliza, namba ya gita?

"Ya gita. Litundike huko nyuma pasipopita mtu."

Nikamwuliza atakuja kulichukua lini. Akasema hatakuja. Nikampa namba arobaini na moja, akaitia mfukoni, akabaki amesimama. Nimetunza makoti miaka thelathini. Nimeona watu wakisahau miavuli, meno ya bandia, hata mtoto mchanga aliyefungwa vizuri ndani ya shali. Sijaona mtu akisahau kitu huku amekikazia macho namna ile. Nikamwambia anipe hiyo barua.

Barua ilisema kwamba katika mhadhara wa nyuki wasikilizaji walipiga makofi mara kumi na moja, kwa hiyo ule haukuwa mhadhara, lilikuwa onyesho la muziki lisilo na kibali. Likitokea tena, jalada litakwenda kwa mwendesha mashtaka, na mhusika hatafika tena mbele ya tume yoyote maisha yake yote.

Nikaisoma mara tatu, kwa miwani ya marehemu mume wangu, ambayo inakuza herufi na kupunguza woga. Kila nikisoma naona jambo lile lile. Hawakulalamika juu ya gita. Hawakulalamika juu ya saa moja na nusu, wala hawakugusa ile sauti isiyo na maneno. Walilalamika juu ya makofi. Kosa lilikuwa la mikono, si la koo.

Na ulikuwa mwezi wa pili. Mwezi wa pili hapa kwetu mikono yote ina kazi: tunachambua manyoya. Bata bukini wamechinjwa toka Novemba, manyoya yao yamekaushwa yako magunia kwa magunia, na wanawake hukusanyika kuchambua, unashika unyoya, unavuta laini upande huu na huu, uti unautupa. Bila hivyo hakuna mito, hakuna mifarishi, na hakuna binti wa Olšanka atakayeolewa, maana nani ataoa mwanamke wa kulala naye kwenye blanketi tupu? Manyoya yanalundikwa mezani kama theluji, na adabu ya meza hiyo hata mtoto anaijua. Hucheki. Hupigi chafya. Mlango haufunguliwi kwa pupa. Mikono haiinuki juu ya meza. Mama mkwe wangu, Mungu ampumzishe mbali na mimi, alivunja uchumba wa binti yake kwa sababu kijana alipiga mwayo mkubwa.

Nikamwambia Hedvika kwamba atasindikiza mhadhara wa manyoya. Akasema hataki nifukuzwe kazi kwa ajili yake.

"Wanifukuze kutoka wapi?" nikamwuliza. "Kwenye ndoo?"

Akacheka kidogo, kisha nikaona jambo limemwingia. "Yaani hakuna makofi kabisa?"

"Hata moja. Atakayepiga atachunwa ngozi na wanawake wenyewe."

"Basi nitausikia mwisho wa wimbo," akasema, taratibu, kama anajiambia mwenyewe. "Sijawahi kuusikia. Watu wanauangukia kabla haujafika."

Akairudisha namba arobaini na moja mezani. Nikampa gita lake.

Mkurugenzi wa Nyumba ya Utamaduni alikuwa Ndugu Vavřík, mtu mwema, mwoga kama sungura wa kufugwa. Nilipomwendea akaanza kunikumbusha kwamba amebakiza miaka mitatu astaafu. Nikamkumbusha kwamba Umoja wa Wanawake ulitakiwa kutoa mihadhara miwili ya elimu kwa mwaka, na mwaka uliopita ulitoa sifuri, na sifuri hiyo ilikuwa na saini yake. Akakuna kichwa. Akauliza mhadhiri atakuwa nani. Nikamwambia unamtazama. Akanitazama, akatazama na fagio, akatia saini. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwoga, akatoa taarifa wilayani kama sheria inavyotaka, na wilayani wakajibu kwamba Ndugu Zbořil, mkaguzi wa shughuli za utamaduni, atafika mwenyewe.

Ndugu Zbořil ndiye aliyeandika ile barua ya makofi.

Nikafanya upelelezi wangu. Mwanamke wa posta aliniambia Zbořil hakuzaliwa mjini, kwao ni Javoří, kijiji cha juu kabisa, ambako theluji haijayeyuka huku kwetu tumeshapanda viazi. Nikafurahi, maana nilijua wimbo mpya wa Hedvika umetengenezwa na nini. Kule hospitalini alikuwa akiwauliza vikongwe, anapobadilisha mashuka yao, walikuwa wakiwaitaje bata bukini wao jioni warudi nyumbani. Kila kijiji kina mwito wake, na mtu anaweza kusahau jina la mume lakini mwito wa bata hausahau. Alikuwa amekusanya miito ya vijiji kumi na saba, ameifuma kama mkeka. Na wa Javoří ulikuwamo.

Nikamwambia aupeleke mwisho kabisa, ili Zbořil atoke nao masikioni, moyo wake umelainika. Akakataa.

"Uko wa tisa, shangazi. Nikiuhamisha, wa nane unabaki kilema."

"Bora wimbo uwe kilema kuliko wewe uwe jela."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa auze mguu mmoja anunue viatu. Nikaacha. Nilikuwa na hasira naye siku nzima, na sasa nikikumbuka naona haya kidogo, lakini kidogo tu, maana aliyekuwa hatarini hakuwa wimbo.

Jumapili ya mhadhara, saa tisa mchana baada ya chakula, ukumbi ulijaa. Tulipanga meza ndefu nne, tukafunga madirisha, tukaziba hata tundu la ufunguo. Kila mwanamke alikuja na gunia lake. Wanaume walikuja pia, jambo ambalo halijapata kutokea toka Olšanka ianzishwe, wakasema wanataka kuelimika. Niliwasimamia mlangoni mmoja mmoja nikawaambia: ukipiga makofi, umempiga Hedvika. Hakuna aliyehitaji kuambiwa mara mbili.

Ndugu Zbořil akaja na mkoba na koti jeusi zuri, jipya, alilokataa kunipa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mkavu, uso umenyolewa mpaka unang'aa. Alitaka kusukuma mlango kama mkaguzi, nikamshika mkono nikamwambia Ndugu, mlango huu unafunguliwa kama wa chumba cha mgonjwa. Akaingia kwa upande, polepole, akaniuliza kwa mnong'ono mwimbaji yuko wapi. Nikamwambia hapa hakuna mwimbaji, kuna msindikizaji. Akaandika kitu. Nikamketisha mwisho wa meza ya kwanza karibu na Filoména Kubálková, mwenye miaka themanini na mbili, asiyemwogopa mtu tangu aliposhindwa kufa na ile homa kubwa ya mwaka 1918.

Nikaanza mhadhara. Nilisimama mbele, aproni safi, nikawaeleza wanawake arobaini wa Olšanka kwamba bata bukini ana manyoya. Nikawaeleza kwamba ya mbawa ni magumu na ya kifuani ni laini. Walinisikiliza kama wanasikia kwa mara ya kwanza, Mungu awabariki, mmoja hata alitikisa kichwa kwa mshangao. Nilipofika kwenye kukausha, nikasema yanawekwa juu ya jiko siku mbili.

"Siku nne," Filoména akasema bila kuinua macho. "Siku mbili ndiyo maana mito yako inanuka, Apolena."

Ukumbi mzima ukafumba midomo. Mabega yalitikisika, lakini hakuna unyoya ulioruka. Zbořil akaandika tena. Baadaye nilikuja kuona aliandika: mjadala hai. Wakati huo Filoména akamgeukia, akaitazama mikono yake iliyokaa juu ya daftari, akamsogezea lundo.

"Na wewe je, mwanangu? Mezani kwetu hapakai mtu bure."

Akasema yuko kazini. Filoména akasema sote tuko kazini. Zbořil akautazama unyoya mmoja, akauchukua kama mtu anayechukua kitu cha mwenyewe, na nikaona vidole vyake. Vilivuta huku, vikavuta huku, uti chini. Hakutazama hata. Mtu aliyelelewa mjini huutafuna unyoya kama kuku. Huyu alikuwa amekaa kwenye meza hizi kabla ya kujua kusoma.

Nikasema kwamba sasa muziki utasindikiza kazi, nikaketi.

Hedvika alikuwa kwenye kiti kifupi karibu na tanuri, gita magotini. Hakuanza na nyuzi. Alianza na pumzi. Alitoa pumzi ndogo, nyembamba, sawasawa na ile sauti ya unyoya unapochanwa, na kwa muda hukujua ni yeye au ni sisi. Kisha upinde ukagusa uzi mmoja, chini kabisa. Nikasikia mikono ya ukumbi mzima inaanza kwenda pamoja, arobaini kama mmoja, huku na huku, uti chini. Hakuna aliyewaambia. Halafu mwito wa kwanza ukatoka, ule wa kwetu Olšanka, ambao bibi yangu aliuita akiwa amesimama kizingitini na mikono ina unga. Ukafuata wa kijiji cha pili, ukaingia juu ya wa kwanza bila kuufuta. Wa tatu. Wa nne ulikuwa wa kuchekesha, kama mlevi anayetafuta kofia. Sauti yake ikapasuka mbili kama kawaida yake, na naapa kulikuwa na ya tatu, maana nilisikia wa juu akiita na wa chini akiita na katikati bata wenyewe wakijibu. Upinde ukawa mabawa. Kifundo cha kidole ubavuni mwa gita kikawa nyayo zao juu ya daraja la mbao. Sisi tuliokaa pale wengi hatujui noti hata moja, lakini kila mtu aliona anga ya jioni ile aliyokuwa nayo mwenyewe, na kila mtu aliendelea kuchambua, maana kazi ni kazi.

Wa tisa ukaja. Nilikuwa namtazama Zbořil kwa jicho la pembeni. Mwito wa Javoří ni mrefu, unateremka kama mtu anayeshuka mlima na ndoo mbili. Ulipoteremka, vidole vyake vilisimama. Unyoya ulibaki umechanwa upande mmoja. Hakuutazama ukuta wala Hedvika. Alikuwa anatazama lundo mbele yake, na mdomo wake ulikuwa unasogea bila sauti. Wa kumi ukapita, wa kumi na moja, yeye hakuchambua tena hata mmoja, na Filoména, ambaye hajawahi kumsamehe mvivu, alimwacha.

Wa kumi na saba ukafifia. Hedvika akainua upinde. Na kikawa kimya alichokuwa akikitafuta, kimya cha watu arobaini na zaidi waliozuia pumzi kwa ajili ya manyoya na kwa ajili yake. Niliuona uso wake. Alikuwa ameinamisha sikio, anausikiliza mwisho wa wimbo wake kwa mara ya kwanza, na ulikuwa bado unaendelea mahali fulani juu ya vichwa vyetu.

Ndipo Ndugu Zbořil akapiga makofi.

Hakupiga kwa adabu. Alipiga kwa nguvu, mikono juu, kama mtu aliyetoka usingizini. Mara nne. Lundo lote la meza ya kwanza likanyanyuka mbele yake kama tufani. Yaliingia nyweleni, yaliingia kahawani, yalipanda mpaka kwenye taa. Meza ya pili ikafuata, maana upepo hauna mipaka. Kwa muda hatukuonana. Manyoya yalipoanza kushuka, taratibu, akaonekana yeye amesimama, koti lake jeusi limekuwa jeupe, nyusi nyeupe, mikono bado iko hewani. Hakuna mwingine aliyekuwa amepiga. Wanawake wote walikuwa wameketi, mikono mezani, wanamtazama.

Moyo wangu ulikuwa umeacha kudunda. Niliona jalada, niliona mwendesha mashtaka, niliona gita kwenye ndoana ya arobaini na moja mpaka nondo walile. Lakini mdomo wangu huwa hausubiri moyo.

"Ndugu Zbořil," nikasema, "umetuharibia mhadhara."

Aliketi. Alikohoa, akatoa unyoya mdomoni. Kisha akavua koti, akanikabidhi, nami nikampa namba. Akapanda ngazi mwenyewe kutoa manyoya kwenye taa, na ilituchukua mpaka jioni kuyakusanya, wanaume kwa wanawake, wengine kwa magoti. Hedvika alikuwa chini ya ngazi ameshika gunia. Nilijisogeza karibu kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Zbořil akamwuliza mwito ule aliutoa wapi. Akamwambia kwa kikongwe mmoja, wodi ya tatu, kabla hajafa. Akauliza jina. Alipotajiwa akaitikia kwa kichwa, alimfahamu, jirani wa upande wa pili wa kisima. Akaendelea kuokota manyoya. Halafu akasema, akiwa bado amegeukia taa:

"Si hivyo mwishoni. Mama yangu hakuumaliza chini. Alikuwa akiurusha juu."

Mtu mwingine angesema ahsante, Ndugu, akanyamaza. Fikiria: huyu ndiye mwenye kalamu. Hedvika aliweka gunia chini. "Vipi juu?" akauliza. "Nionyeshe."

Akasema yeye haimbi. Hedvika akamwambia si kuimba, ni kuita bata. Zbořil akatazama kulia, akatazama kushoto, akashika ngazi vizuri, na mkaguzi wa shughuli za utamaduni wa wilaya yetu akawaita bata bukini wa mama yake kutoka ngazi ya nne. Sauti ilikuwa na kutu. Lakini mwishoni ilirushwa juu, kama alivyosema. Hedvika akairudia. Zbořil akamwambia bado. Akairudia tena. Akamwambia hapo. Na Hedvika, ambaye alikataa kubadilisha wimbo wake ili aokoke, akaubadilisha palepale kwa sababu ulikuwa na kosa.

Baada ya hapo Zbořil akashuka, akaketi kwenye meza yangu ya makoti, akafungua karatasi yake. Nilikuwa nimesimama mbele yake na koti lake mkononi nalipiga brashi, na mtu anayepiga brashi huona mengi. Aliandika: mhadhara uliendeshwa kwa vitendo. Mada ilieleweka. Manyoya yaliyochambuliwa, kilo tisa. Muziki ulisindikiza kazi. Alipofika kwenye makofi kalamu ikasimama, nikapiga brashi mahali pamoja mpaka nikahofia kitambaa. Kisha akaandika: wasikilizaji hawakupiga makofi.

Na huo ulikuwa ukweli mtupu, maana yeye hakuwa msikilizaji. Alikuwa mkaguzi.

Akatia saini. Chini yake akaongeza kwa mwandiko mdogo kwamba wilaya inapendekeza mhadhiri Kopřivová, ndiyo mimi, na msindikizaji Šuranská watumwe katika vijiji vingine, kwa mada yoyote inayofaa. Akachukua koti, akarudisha namba, akaondoka akifungua mlango kama wa chumba cha mgonjwa, ingawa manyoya yote yalikuwa yameshafungwa.

Hedvika aliisoma karatasi ile amesimama. Akaniuliza "mada yoyote" maana yake nini. Nikamwambia maana yake ni miaka kumi ya chakula, mwanangu, kamata gita. Na ilikuwa kumi na moja. Aliimba kila wiki, vijijini, viwandani, hospitalini kwake mwenyewe, kabla dunia haijamjua, na nyimbo zote wanazozilipia leo alizitengeneza humo, nyuma ya mihadhara, kati ya watu wenye mikono iliyoshika kazi.

Jumapili iliyofuata tulipanda basi la asubuhi kwenda kufundisha jinsi ya kupandikiza miti ya matunda. Mimi nilikuwa na kisu cha mume wangu na matawi mawili ya mplamu. Hedvika aliniuliza kama nimewahi kupandikiza mti. Nikamwambia aimbe kwa muda mrefu.